Jioni Ambayo Marlis Hakuita

Treni ya kwanza ya watalii ilipofika kileleni saa tatu asubuhi, Marlis alikuwa ameshamaliza kazi ambazo, kwa hesabu yake mwenyewe, zingemtosha mtu mzima kwa siku mbili. Alikuwa amekamua ng'ombe wanne, ameosha ndoo, amezipaka maji ya chumvi jibini ishirini na mbili kwenye rafu za ghala, na amegombana na Bruni, ng'ombe ambaye hakubali kukamuliwa mpaka kwanza amkanyage mtu mguu. Sasa alikaa juu ya ukuta wa mawe akila mkate, mguu wa kushoto ukimuuma, akiwatazama wageni wakishuka kwenye mabehewa.

Walishuka, wakasogea hadi kwenye uzio, wakasema, "Aaah!"

Kila mtu alisema "Aaah!" Hata wale waliotapika njiani walijifuta midomo kwanza, kisha wakasema. Chini kabisa ziwa lilikuwa limetanda katikati ya milima kama shuka la buluu lililoanikwa na kusahauliwa, na ng'ambo yake vilele vyeupe vilijipanga mpaka macho yakachoka.

Mama mmoja mwenye kofia kubwa alimwona Marlis, akainua kamera.

"Jamani, mtoto, una bahati wewe! Kuishi hapa kila siku!"

"Ndiyo, mama," Marlis alisema. Akakaa vizuri, akaweka nywele sawa, akatabasamu.

"Hapo hapo. Sasa sogea kidogo kushoto, mwanangu. Unamziba ng'ombe."

Marlis akasogea. Bruni akapigwa picha tatu.

Kabla ya saa sita treni iliwachukua wote na kelele zao, na mlima wa Rotegg ukabaki na kengele za ng'ombe na upepo. Treni nyingine ingekuja mchana, na nyingine alasiri, na kila moja ingeshusha watu wa kusema "Aaah!" na kuwarudisha chini. Hakuna aliyewahi kumuuliza Marlis jina lake.

Marlis alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake alikuwa amefariki zamani, na mama yake alikuwa mpishi kwenye meli ya abiria kule ziwani. Wakati wa likizo meli ilijaa watu kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa hiyo shule ilipofungwa mama alimpandisha Marlis kwa babu yake, Babu Balz, aliyechunga ng'ombe na kutengeneza jibini huko juu kila msimu wa joto. "Nitakuja Jumapili," mama alisema. Jumapili tatu zilikuwa zimepita.

Kutoka ukutani Marlis aliweza kuiona meli yenyewe. Ilikuwa nyeupe, ndogo kama punje ya mchele, ikitembea polepole. Mara nyingine alipunga mkono. Alijua ni upuuzi. Mama alikuwa chini jikoni anakaanga viazi, na hata angekuwa juu, nani anaweza kumwona mtu aliye kwenye mawingu? Lakini alipunga.

Kila wiki alimwandikia mama barua, na kondakta wa treni akaipeleka. Barua zote zilifanana: "Mama, mimi mzima. Babu mzima. Bruni mzima. Huku kuna raha sana." Sehemu ya Bruni ilikuwa ya kweli.

Mchana wa siku hiyo kondakta alimletea jibu, kadi yenye picha ya meli. "Mwanangu," mama aliandika, "Jumapili hii pia sitaweza, mwenzangu anaumwa. Nisamehe. Ila moyo wangu umetulia, maana najua una raha huko."

Marlis aliisoma mara mbili. Kisha akaiweka mfukoni, akaenda kusukuma mavi ya ng'ombe nje ya zizi kwa nguvu ambazo mavi hayakuzistahili.

Sasa, kulikuwa na kazi moja ya jioni ambayo ilikuwa ya Babu miaka yote, ikawa ya Marlis kwa sababu ya meno. Kila jioni saa moja, mchungaji wa malisho yale hupanda kwenye kilima kidogo chenye msalaba wa mbao, huweka mdomoni ile faneli kubwa ya mbao ya kuchujia maziwa, na kuita kwa sauti ndefu, nusu kusema na nusu kuimba, akimwomba Mungu awalinde watu na wanyama. Watu wa huko huamini kwamba popote sauti ile inapofika, usiku utapita salama. Lakini wiki iliyopita Babu Balz alikuwa amejaribu kufungua kwa meno fundo la mkanda wa kengele ya Bruni. Fundo halikufunguka. Meno yake ya bandia ndiyo yaliyofunguka, vipande viwili, na fundi wa mjini akasema yatakuwa tayari baada ya siku kumi na nne.

"Nilijaribu kuita bila meno," Babu alimwambia Marlis siku ile. "Ilitoka filimbi tupu. Ng'ombe walicheka."

"Ng'ombe hawacheki, Babu."

"Nimeishi nao miaka hamsini. Walicheka. Kuanzia leo utaita wewe."

Na kila Marlis alipomaliza kuita, jibu lilikuja. Ng'ambo ya korongo, kwenye malisho mengine, aliishi Bibi Kreszenz, mwanamke wa miaka sabini na miwili, mwenye mbuzi kumi na tisa na ulimi ambao ungetosha kijiji kizima. Akisikia wito, huipiga sufuria yake ya shaba mara tatu: ngo, ngo, ngo. Maana yake, nimesikia, na mimi pia nipo. Na asiposikia?

"Asiposikia, anajua kuna jambo," Babu alikuwa amemweleza. "Mwaka ule ndugu yangu Sepp alipoanguka ghalani akavunjika nyonga, hapakuwa na wa kuita. Kreszenz alisubiri dakika kumi tu. Kabla ya giza alikuwa ameamsha mlima mzima. Walikuja watu kumi na wanane! Hata mama yako, msichana mdogo wakati ule, alipanda kwa miguu kutoka ziwani."

Hata mama yako. Marlis alikuwa amesikiliza hadithi nzima, lakini ni maneno hayo matatu yaliyobaki naye.

Saa moja jioni alichukua faneli, akapanda kilimani. Jua lilikuwa bado juu ya milima ya magharibi, na kule chini meli ilikuwa inageuka kurudi bandarini. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka korongoni, mweupe na mzito. Marlis alisimama karibu na msalaba. Akaweka faneli mdomoni. Akavuta pumzi.

Kisha akaishusha.

Alisimama hapo muda ule ule ambao wito huchukua, akihesabu kichwani. Alipomaliza kuhesabu, alirudi kibandani. Babu alikuwa ghalani, akigeuza jibini.

"Umeita?"

"Nimeita, Babu."

"Vizuri. Leo sikusikia, chemchemi inayopita humu inapiga kelele."

Marlis alikaa kizingitini, akasubiri watu kumi na wanane.

Nusu saa ikapita. Ukungu ulimeza korongo, ukameza uzio, ukafika kwenye ukuta wa mawe. Hakuna aliyekuja. Kengele za ng'ombe zilisikika kama ziko ndani ya gunia. Marlis alikuwa amezoea upweke, lakini huu ulikuwa wa namna nyingine, kwa sababu jioni zote alikuwa amejibiwa na ile sufuria, na leo haikulia. Hakuwahi kujua kwamba alikuwa anaisubiri.

Babu alitoka ghalani akijifuta mikono. Akasimama, akainamisha kichwa kama kuku anayesikiliza.

"Marlis, Kreszenz amejibu leo?"

"Sijui, Babu."

"Hujui vipi? Ulikuwa umesimama pale."

"Hakujibu."

Uso wa Babu ulibadilika. "Yule bibi anasikia panya akipiga chafya. Kama umeita na hajajibu, basi ameanguka, au moyo. Daktari alimwambia kuhusu moyo." Alikuwa ameshaanza kuvaa viatu. "Nakwenda kwake kwa njia ya juu. Ni saa moja na nusu kuzunguka. Wewe baki hapa, usitoke."

Marlis alibaki amesimama. Kwa njia ya juu! Lakini Bibi Kreszenz hakuwa nyumbani. Marlis alijua hilo kama alivyojua jina lake. Kwa kuwa hakusikia wito, Bibi asingezunguka saa moja na nusu, wala kungoja wengine, akidhani kuna mtu anakufa. Angekata moja kwa moja kupitia korongoni, kwenye ile njia ya mbuzi, peke yake, na umri wake ule, ndani ya ukungu huu. Na angekuwa ameshafika. Muda wa kufika ulikuwa umeshapita.

Babu alichukua fimbo. Akafungua geti. Akianza kuzunguka, hakuna ambaye angejua kwamba Marlis hakuita. Bibi atatokea mwenyewe, Marlis alijiambia, atatokea sasa hivi akitukana. Alitazama ukungu. Hakutokea mtu.

"Babu!" Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Usiende njia ya juu."

"Kwa nini?"

"Bibi haumwi. Yuko korongoni. Anakuja kwetu." Alishika fimbo ya Babu. "Sikuita, Babu. Nilikudanganya. Nilinyamaza makusudi ili waje watu. Ili mama aje."

Babu Balz alimtazama. Marlis alisubiri kofi, au kelele, au chochote.

"Lete kamba," Babu alisema. "Na faneli."

Alifunga ncha moja ya kamba kiunoni mwa Marlis na nyingine kiunoni mwake, akabeba mgongoni ile fremu ya mbao ya kushushia jibini, wakaanza kuteremka. Ndani ya korongo mtu hakuweza kuona viatu vyake mwenyewe. Mkono wa kulia kulikuwa na mwamba, mkono wa kushoto hakukuwa na kitu, na chini huko maji yalinguruma. Babu alipiga kila jiwe kwa fimbo kabla ya kulikanyaga. Kila baada ya hatua chache aliita, lakini ilitoka filimbi kama alivyosema, na hakuna aliyecheka.

"Basi," alisema, akasimama. "Ita wewe."

"Niite nini?"

"Yale yale ya kila siku. Unayajua."

Marlis aliweka faneli mdomoni. Akaita: "Mungu na akilinde kila chenye pumzi juu ya mlima huu, chenye miguu miwili na chenye minne! Akilinde kilichoko zizini na kilichoko malishoni! Amlinde aliye nyumbani, na aliye..." Hapo alikwama. Kila jioni alikuwa akiyapita maneno hayo bila kuyatazama. "...na aliye njiani!"

Walisikiliza. Maji tu.

"Tena," Babu alisema.

Aliita tena. Maji tu. Waliteremka hatua ishirini nyingine, na Marlis akaita mara ya tatu, kwa nguvu zote, mpaka kifua kikamuuma.

Ting. Ting. Ting.

Ilikuwa sauti ndogo, ya bati kwenye jiwe, kutoka chini kidogo upande wa kushoto. Baada yake ikaja sauti nyingine ambayo haikuwa ndogo hata kidogo.

"Nani huyo anayelia kama mbuzi aliyebanwa na mlango?"

"Ni mimi, Bibi! Ni Marlis!"

"Mko hai?"

"Tuko hai!"

"Wote wawili? Balz hajafa?"

"Sijafa!" Babu alipiga filimbi.

Bibi Kreszenz alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imelainika ghafla. "Mungu ashukuriwe." Kisha ikarudi kama kawaida. "Basi subiri nitoke humu, Balz, nikuue mwenyewe."

Walimkuta amekaa chini ya jiwe kubwa, mguu umenasa katikati ya mawe mawili, na kikombe cha bati mkononi. Hatua mbili mbele yake njia iliisha na hewa ikaanza. Babu alitazama pale ilipoishia njia, akavua kofia, akaivaa tena. Waliuchomoa mguu polepole, huku Bibi akiwataja mababu wa Babu Balz mmoja mmoja kwa majina. Mguu haukuvunjika, ila ulikuwa umevimba kama boga. Babu alimkalisha kwenye ile fremu mgongoni, akamfunga kwa kamba.

"Miaka sabini na miwili," Bibi Kreszenz alisema wakipanda, "na sasa nabebwa kama jibini."

"Jibini haizungumzi," Babu alihema.

Mwanga wa mwisho ulikuwa bado kwenye vilele walipofika kibandani. Walimlaza Bibi kwenye kitanda cha Marlis. Marlis ndiye aliyefungua mkoba wa Bibi ili atafute bandeji. Bandeji ilikuwemo, kweli. Ilikuwemo pia chupa ya dawa ya mizizi, blanketi, na chini kabisa mshumaa mweupe mpya, wa aina ile inayowashwa kando ya maiti. Bibi alikuwa ameubeba njia nzima, akidhani angefika akiwa amechelewa.

Marlis aliushika ule mshumaa. Hapo ndipo alipolia, na akiwa analia akamweleza Bibi yote: kadi, meli, hadithi ya Sepp, na jinsi alivyosimama kilimani na kuhesabu.

Bibi Kreszenz alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo Babu alisema baadaye hakuwahi kuliona.

"Njoo hapa," alisema. "Kaa. Unafikiri wewe peke yako ndiye mpweke kwenye mlima huu? Mimi nina miaka thelathini ng'ambo ile. Mbuzi ni watu wazuri, lakini hawana maneno. Unafikiri jioni nagonga ile sufuria kwa nini?"

Marlis aliugeuza ule mshumaa mkononi.

"Kuwa mpweke si kosa, mtoto. Ungekuja ukaniambia, 'Bibi, nimechoka kuwa peke yangu,' ningekutukana kidogo, kisha ningekupikia uji. Lakini kunyamaza kwetu hapa ni kilio cha mtu anayekufa. Ukikitumia kwa jambo lingine, siku ya kweli ikifika watu watasema, aa, huyo ni Marlis anamtaka mama yake, na watalala." Alimgusa shavu kwa kidole kigumu. "Na huyo mama yako, ulimwambia?"

"Nilimwandikia kuna raha."

"Ona sasa! Umemdanganya babu yako jioni moja, mama yako wiki tatu. Mtu atakujaje kukusaidia kama unamwambia hakuna shida? Leta kalamu."

Barua ya safari hii ilikuwa fupi na haikumtaja Bruni. "Mama, nimefanya kosa kubwa, Babu atakueleza. Huku pazuri lakini niko peke yangu sana. Naomba uje, hata kwa saa moja."

Kwa siku kumi, mguu wa Bibi ukiwa unapona, Marlis na Babu walizunguka njia ya juu asubuhi na jioni kwenda kukamua mbuzi kumi na tisa. Saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi. Babu hakumkemea hata mara moja. "Sina haja," alisema, "njia inasema vya kutosha." Mbuzi, kwa taarifa yenu, hukanyaga mguu pia, ila kwa kwato ndogo zaidi.

Mama alikuja Jumamosi kwa treni ya mwisho, akinuka mafuta ya kukaangia, na hakutazama ziwa wala kusema "Aaah!" Alikimbia moja kwa moja ukutani. Jumapili asubuhi treni ya kwanza ilimrudisha, maana meli haikungoja mtu. Marlis alikaa ukutani, akaitazama ile punje ya mchele ikiondoka bandarini. Bado alikuwa peke yake. Lakini safari hii kwenye sitaha ya nyuma palikuwa na kitu cheupe, kikubwa kama kitambaa cha meza, kilichong'aa juani mara mbili, mara tatu. Au alidhani.

Meno ya Babu yalifika siku ambayo Bibi Kreszenz alirudi kwake. Saa moja jioni Marlis alimpelekea faneli.

"Ya nini?" Babu alisema, akitafuna mkate mkavu kwa fahari. "Haya meno ni ya kulia mkate. Ya kuitia ni yako."

Walipanda pamoja kilimani. Hakukuwa na ukungu. Marlis aliita yote, polepole, na alipofika kwenye "aliye njiani" aliyatazama maneno hayo vizuri kabla ya kuyapita. Kisha akashusha faneli, wakasubiri.

Ngo. Ngo. Ngo.

Na baada ya kitambo kidogo: ngo.

"Babu, amepiga nne. Amekosea?"

"Kreszenz hajakosea hesabu tangu azaliwe." Babu alivaa kofia yake. "Tatu ni za zamani, za mlima. Ya nne ameiongeza kwa sababu ulimwambia ukweli kwamba uko peke yako. Watu wako tayari kukujibu, mwanangu. Wanahitaji tu uwaambie ukweli, unaita kwa nini. Haya, twende, Bruni anatusubiri atukanyage."